Maini Mara Mbili kwa Wiki

Mtaani walimwita Dada Fomu, na jina hilo halikuwa la kumsifu. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na mkoba wa turubai begani, na ndani yake fomu za kurasa tisa, kitabu cha picha za sahani na vikombe vya plastiki vya kupimia. Wanawake wakimwona kwa mbali huambiana, "Haya, anakuja yule anayetaka kujua tumbo limelala na nini." Halafu wanacheka, wanamfutia kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Kwenye mafunzo walielezwa kwamba wakubwa wanataka kujua kama vitamini za kundi B, zile za kwenye maini, mayai, samaki, kunde na mboga za majani, zina uhusiano wowote na saratani ya tumbo kwa wanawake. Wanawake elfu nne waliovuka miaka thelathini na mitano wangeulizwa wanachokula, kisha wangefuatiliwa kwa miaka kadhaa ionekane nani ameugua na nani hakuugua. Dada Fomu alipewa wanawake mia tatu na kanuni mbili. Ya kwanza, andika kinachosemwa, si unachodhani. Ya pili, usimhoji ndugu yako, mpe mwenzako.

Kanuni ya kwanza ilianza kumkera mapema. Hazikupita wiki mbili akagundua kwamba ukimuuliza mwanamke amekula nini, anakutajia alichopika.

"Mayai?"

"Karibu kila siku."

"Wewe mwenyewe ulikula mangapi?"

Hapo mwanamke humkazia macho kana kwamba ameulizwa rangi ya nguo ya ndani. "Si ndiyo hayo hayo! Kwani hapa kila mtu ana chungu chake?"

Dada Fomu akaandika: karibu kila siku.

Kanuni ya pili aliivunja kwa kujua. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alikuwa amechelewa kwa fomu kumi na moja, na nyumba ya kaka yake ilikuwemo kwenye orodha. Kumtafuta mwenzake amwachie ingekula siku mbili. Akajiambia fomu ni fomu, akaingia.

Kaka yake alikuwa fundi wa makochi. Barazani kwake palijaa sponji, mbao na harufu ya gundi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi hata akiwa na misumari mdomoni. Mkewe walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti wawili aliowazaa siku moja. Nyumba ile Dada Fomu aliijua kama kiganja chake. Alikaa humo miaka minne alipokuwa chuoni, akala, akalala, akafuliwa nguo.

Mama Pacha aliketi ukingoni mwa kochi la mteja kama mgeni asiyetaka kulichafua. Fomu yake ilipewa namba 417.

"Maini," Dada Fomu akasoma. "Kwa wiki unakula mara ngapi?"

Aliyejibu ni mumewe, kutoka barazani.

"Mara mbili! Jumatano na Jumamosi. Hii nyumba haijakosa maini tangu pacha wazaliwe."

"Kaka, natakiwa kumsikiliza yeye."

"Msikilize basi. Mama Pacha, nasema uongo?"

"Husemi uongo, Baba Pacha," mkewe akajibu akiangalia sakafu.

Na kweli hakusema uongo. Maini yalinunuliwa Jumatano na Jumamosi, na hakuna aliyejua njia ya maini yale kumshinda Dada Fomu. Vipande vikubwa vilikwenda kwenye sahani ya kaka, kwa kuwa ndiye anayebeba makochi. Vilivyofuata, enzi akiishi humo, vilikuwa vya Dada Fomu, kwa kuwa msomi anahitaji akili. Pacha waligawana vilivyobaki. Mama Pacha alifuta kikaango kwa wali, akisema, "Mimi maini yananichefua." Mayai, alisema, yanamjaza gesi. Samaki alipenda kichwa. Nyama ilimkwama kwenye meno. Kwa maelezo yake, Mungu alimuumba asipende kitu chochote chenye bei. Alichopenda ni ukoko. Aliubandua chini ya sufuria, akaunyunyizia chumvi, akaula kwa chai akiwa amesimama jikoni, na ukimkuta anakula hugeuka ukutani kama mwizi.

Dada Fomu akafungua kitabu cha picha. "Kipande kama kipi, wifi? Kidogo, cha kati, kikubwa?"

Mama Pacha aliziangalia zile picha kwa muda, kipande baada ya kipande, kama mtu anayechagua kitambaa dukani wala hana nia ya kununua. Mwisho akaweka kidole. "Hiki. Cha kati."

Dada Fomu angeweza kuuliza tena. Kitabu cha mafunzo kilimruhusu, mara moja, kwa upole. Lakini swali lile lilikuwa na mkia: kama wewe hukula, nani alikula? Akazungushia duara mara mbili kwa wiki, kipande cha kati, akageuza ukurasa.

Walipomaliza, Mama Pacha aliingia jikoni akatoka na sahani iliyofunikwa. Ilikuwa Jumamosi.

"Kula, wifi. Umetembea na jua lote hili."

Yalikuwa laini, yamepikwa na vitunguu vingi. Dada Fomu alikula yakaisha.

Miaka mitatu ikapita. Dada Fomu akapandishwa, akaingia ofisini, kazi yake sasa ikawa kukagua fomu zilizoingizwa kwenye kompyuta. Mkoba akampa mwingine, lakini jina likabaki.

Mama Pacha alianza na kiungulia. Akanunua vidonge vya kutafuna, akavitafuna kama njugu. Majirani wakasema ni vidonda vya tumbo, kila mmoja akamtajia dawa iliyomponya shemeji yake. Baadaye akawa akila vijiko vitatu tu, anasogeza sahani. "Nimeshiba." Na hapo hakuna aliyeshtuka, kwa sababu alikuwa akisema ameshiba kwa miaka ishirini. Mtu mwingine angekataa chakula siku mbili, nyumba ingetafuta gari. Yeye alikataa miezi saba, na nyumba ikaendelea kupokea sahani zake kama kawaida.

Aliyegundua hakuwa ndugu. Alikuwa fundi cherehani wa jirani, aliyepelekewa gauni lile lile mara ya tatu ili alibane.

"Mama," akamwambia, "hapa nikikata tena itabaki foronya. Mimi gauni silishiki. Nenda hospitali, ukirudi ndiyo unipe."

Walimpitishia mrija wenye kamera kooni. Wiki iliyofuata daktari, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliwaita watatu chumbani kwake: mgonjwa, mumewe na Dada Fomu.

"Ni saratani ya tumbo," alisema. "Na imeshatoka tumboni. Imefika kwenye ini."

Kaka akaanza kuuliza habari za upasuaji, za mashine, za hospitali kubwa zaidi. Alikuwa akiuliza jambo la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Mama Pacha akacheka, kicheko kidogo kikavu.

"Sasa hata ini langu mwenyewe linaliwa na mwingine," alisema.

Daktari hakuelewa. Kaka alidhani ni woga umempanda kichwani, akamshika bega. Dada Fomu aliinamisha uso akaangalia viatu vyake, kwa sababu yeye alikuwa ameelewa.

Walipotoka, alimkimbilia daktari kwenye korido.

"Daktari, samahani. Ni kwa sababu ya chakula? Kama mtu amekosa zile vitamini B miaka mingi, kama amekuwa akila ukoko na chumvi tu..."

"Kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kukwambia," daktari akasema. "Kuna bakteria wa tumboni, kuna chumvi, kuna sigara, kuna kurithi, na kuna bahati mbaya tu. Hizo vitamini bado watu wanabishana." Akakitazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwa Dada Fomu. "Kwani si ninyi mnaofanya utafiti huo? Mtuambie ninyi."

Kaka hakukaa bure. Siku mbili baadaye alirudi nyumbani na chupa kubwa ya vidonge vya vitamini, ya ukubwa wa kopo la rangi. Akaiweka kando ya kitanda cha mkewe, akaipigapiga kifuniko. "B zote zimo humu. Namba moja mpaka ya mwisho. Mwenye duka ameniapia." Mama Pacha alimeza viwili mbele yake ili asimvunje moyo, na alipotoka akavitapika kwenye beseni. Chupa ikabaki pale, imejaa.

Mwezi huo huo, ofisini, ikaja orodha ya washiriki waliougua. Ilikuwa na majina machache, na namba 417 ilikuwa ya nne. Kazi ya Dada Fomu ilikuwa kufungua fomu ya kila mmoja na kuhakikisha imekamilika. Akaifungua. Kompyuta ilikuwa imeshapiga hesabu zake zote, na maini mara mbili kwa wiki si kitu kidogo. Kwa vitamini B12, Mama Pacha aliwekwa kwenye kundi la juu kabisa. Kwenye mashine ile alikuwa mmoja wa wanawake walioshiba kuliko wote, na bado saratani ilikuwa imempata. Mtu akisoma angesema: mnaona? Huyu alikula, na imemsaidia nini?

Dada Fomu alikaa na ile fomu siku tatu. Ya nne akapiga moyo konde, akaenda kwa msimamizi wao, mtu mpole mwenye mazoea ya kuchonga penseli ambazo haandikii.

"Bosi, fomu ya 417 si ya kweli. Hakuwa akila maini. Naomba niirekebishe."

"Umejuaje?"

"Ni wifi yangu. Niliishi kwake."

Penseli ikasimama. "Ulimhoji wifi yako?"

"Ndiyo."

Msimamizi hakupandisha sauti. "Dada, sikiliza. Ukimrudia aliyeugua ukambadilishia majibu baada ya kujua ameugua, huo si utafiti tena, ni ramli. Siwezi kubadilisha hata koma moja."

"Basi iachwe na uongo wake?"

"Siwezi kuiacha pia. Umehoji ndugu, fomu imeharibika. Itatolewa yote."

"Itatolewa vipi?"

"Itafutwa. Kama vile hakuwahi kuhojiwa. Na wewe utaniandikia barua ya maelezo."

"Na wale wengine, bosi? Nimehoji mia tatu. Karibu wote walinitajia walichopika. Wanapakua, wanagawa, halafu wanafuta sufuria. Na sisi tumeandika wamekula."

"Swali letu linasemaje?"

"'Kwa wiki unakula mara ngapi.'"

"Basi swali liko sawa, na wengine wamehojiwa kihalali." Akaanza kuichonga ile penseli upya. Baada ya muda akaongeza, safari hii bila kumtazama, "Mama yangu pia alikuwa anasema hapendi kuku."

Fomu ikafutwa siku ile ile. Mkataba wa Dada Fomu ulipoisha mwisho wa mwezi, haukuongezwa.

Alikwenda kumwona wifi yake mchana wa siku aliyokabidhi kitambulisho. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni apate hewa, kikabanwa katikati ya makochi mawili ya wateja yasiyo na kitambaa. Pacha mmoja alikuwa akimpa mama yake uji kwa kijiko cha chai. Dada Fomu akaupokea ule uji, binti akaenda kupumzika. Barazani nyundo ilikuwa ikigonga.

Alisimulia yote. Alisimulia kama mtu aliyeleta zawadi, maana njia nzima alikuwa amejiambia kwamba safari hii, hata kama amechelewa, amefanya haki. Mama Pacha alimsikiliza macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo umenifuta," alisema mwishoni.

"Nimefuta uongo, wifi. Uongo niliouandika mimi."

"Ulikuwa wa nani huo uongo? Si wangu?" Akafumbua macho. Yalikuwa yameingia ndani, lakini yalikuwa makali. "Ile karatasi nilikuwa naikumbuka, unajua? Nikiwa jikoni naikumbuka. Nilijua kuna mahali nimeandikwa nilikula. Maini, mara mbili, kipande cha kati. Duniani pote ni pale tu. Wewe ukaenda ukapafuta."

Dada Fomu alikoroga uji uliokuwa umeshapoa.

"Nilikuwa nayapenda," Mama Pacha akasema.

"Nini?"

"Maini. Nilikuwa nayapenda kuliko ninyi nyote."

"Ulisema yanakuchefua."

"Na wewe uliamini?"

Nyundo barazani ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Dada Fomu angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na mgonjwa hakuwa na nguvu za kubishana.

"Hapana," alisema. "Sikuamini hata siku moja."

"Haya." Mama Pacha akageuza uso upande wa pili. "Rudisha huo uji jikoni. Na ukitoka uvute mlango, vumbi la mbao linaingia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho waliyoongea wawili hao. Dada Fomu alirudi mara nne, na mara zote nne pacha walimwambia mlangoni, kwa adabu lakini bila kumkaribisha, kwamba mama amelala. Wiki ya tatu Mama Pacha akafariki, asubuhi, akiwa na mabinti zake.

Siku ya mazishi watu walijaa nyumbani, ndani na nje, wengine wameketi kwenye makochi ya wateja. Kaka alilia kama mtoto, na hakuwa akiigiza. Alimpenda mkewe, kila aliyemwona siku ile angeapa hivyo. Watu walipotulia akaanza kueleza, kama wafiwa wanavyoeleza, maradhi yalianzaje na yeye alifanya nini.

"Ndugu zangu, huyu mwanamke hakukosa kitu nyumbani kwangu. Nyama, mayai, maini, vyote vilikuwepo. Si mimi ninayesema. Hata wataalamu walikuja hapa wakaandika. Muulizeni mdogo wangu, aliandika kwa mkono wake."

Vichwa vyote vikageuka. Dada Fomu alikuwa amekaa karibu na dirisha. Angeitikia kwa kichwa tu, yangeisha.

"Ile fomu imefutwa, kaka," alisema. "Niliandika uongo. Mama Pacha hakuwa akila maini. Tulikuwa tunakula sisi."

Mama mmoja mtu mzima, jirani wa siku nyingi, alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wa pembeni yake naye akainama. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyeuliza Dada Fomu ana maana gani. Ni wanaume waliokuwa wakitazamana.

"Haya, haya," mjomba wao akaingilia kati, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Uchungu huo. Leo si siku yake. Dada Fomu, toka nje upunge hewa."

Akatoka. Pacha wawili walikuwa wamesimama kando ya ukuta, na alipopita mbele yao walimpisha. Hawakumshika mkono, wala hawakugeuza macho.

Ripoti ya utafiti ilitoka mwaka uliofuata. Dada Fomu, ambaye sasa alikuwa akiandikisha wagonjwa kwenye dirisha la zahanati, aliletewa nakala na mwenzake wa zamani. Aliisoma akiwa amesimama. Walikuwa wameshukuru kila mtu. Walisema kwamba kati ya wanawake waliokula vitamini hizo kwa wingi na wale waliokula kidogo, hawakuona tofauti ya kueleweka, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Mwenzake akamuuliza kama anataka kubaki nayo, akamwambia hapana.

Kaka yake alikuja mara moja tu, kama miezi mitano baada ya mazishi. Alikuja alasiri akakaa kwenye kiti cha mbao cha chumba alichopanga Dada Fomu, kofia magotini. Alikuwa amepungua. Pacha walikuwa wamehamia kwa mama yao mkubwa, na yeye alikuwa akila mgahawani.

"Ulinivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Najua, kaka."

"Ningejua, mdogo wangu. Wallahi ningejua, ningekata kipande changu nimpe. Ningekata nusu. Mimi ni mtu wa kumnyima mke wangu chakula?"

"Hukumnyima."

"Sasa?"

Dada Fomu alikuwa akimmiminia chai. Akaiweka birika chini. "Ulikuwa unamwona, kaka. Kila Jumatano na kila Jumamosi, miaka ishirini. Ulikuwa unamwona anafuta kikaango. Ulijua. Mimi nilikuwa nakaa upande wako wa meza, na mimi nilijua."

Kaka aliitazama chai. Akasimama, akavaa kofia, akaiweka sawa mara mbili. Hakuaga. Dada Fomu alibaki amesimama na kikombe mkononi, akasikiliza nyayo zake zikishuka ngazi, zikavuka uani, zikatoka barabarani. Pale kwenye kona akamsikia anaitwa na watu wanaomfahamu, wakimpa pole kwa msiba, na yeye akiwajibu kwa ile sauti yake kubwa ya siku zote, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba yeye yuko salama, na kwamba nyumbani wote hawajambo.